Jani la Kiazi Mbele ya Tarakilishi: Hatua za Kwanza za Mwanafunzi wa Molo

Katika nyanda za juu za Molo, zilizoinuka takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ambako ukungu hushuka kutoka upande wa msitu wa Mau kabla jua halijazama na haukubali kuondoka mpaka asubuhi imekwisha komaa, kiazi si chakula tu, bali ni karo ya shule, ni dawa ya mgonjwa, ni mtaji wa duka, na aghalabu ndicho kisa cha furaha au majonzi ya nyumba nzima. Katika nchi ya Kenya zao hili hutanguliwa na mahindi peke yake miongoni mwa mazao ya chakula, na yeyote aliyepita barabara ya kutoka Njoro kwenda Elburgon, Turi na Molo wakati wa mavuno ameyaona magunia yaliyosimama kando ya njia yakingoja malori ya Nakuru na Nairobi. Kwa hiyo sikustaajabu niliposikia kwamba binti mmoja wa mji huu, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa sayansi ya kompyuta, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa kazi yake ingali changa na haijafika mbele ya watahini, ameamua kuufanya utafiti wake wa shahada ya kwanza juu ya jani la kiazi. Lililonivuta ni namna alivyokwenda katika hatua zake za mwanzo, kwani humo nimeona jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosa, na ambalo walimu wao, kwa kuharakishwa na kalenda ya masomo, hawapati nafasi ya kulidai.

Adui aliyemkusudia ni bakajani chelewa. Kiini cha maradhi haya, kilichopewa jina la Phytophthora infestans na mwanasayansi Mjerumani Anton de Bary mwaka 1876, hufanana na kuvu ilhali si kuvu hasa. Hupenda ubaridi na umande, na majani yakikaa na unyevu kwa saa nyingi huota, huenea, na katika muda wa siku chache huweza kuligeuza shamba la kijani kibichi likawa mabua meusi yenye harufu ya uozo. Ndiyo maradhi yaliyoingia Ireland mwaka 1845 na kuteketeza viazi vya nchi ile, na katika njaa iliyofuata watu wapatao milioni 1 wakafa, na wengine kadiri ile au zaidi wakahama makwao. Molo, kwa hali ya hewa yake, ni kama nyumba aliyojengewa adui huyu. Aina ya kiazi ambayo wakulima wa huku wameipenda kuliko zote, Shangi, hukomaa upesi na huiva upesi chunguni, walakini haina kinga ya kutosha dhidi ya bakajani. Na ijapokuwa watafiti wa Tigoni, kule Limuru, walitoa mwaka 2010 aina za Sherekea na Kenya Mpya zenye kustahimili maradhi hayo, soko limeendelea kuitaka Shangi, na mkulima hulifuata soko. Basi hubeba pampu mgongoni na kunyunyiza dawa ya mankozebu mara kwa mara, pengine kwa haja, pengine kwa hofu tu, maana hana wa kumwambia kwa yakini kama doa aliloliona alfajiri ni bakajani au ni jambo jingine.

Hapo ndipo binti wetu alipoiona nafasi ya ilimu yake. Mwanzo, kama ilivyo ada ya vijana wenye shauku, alitaka kuunda programu ya simu itakayotambua magonjwa ya mazao yote ya kaunti ya Nakuru, tangu mahindi mpaka njegere. Msimamizi wake, kwa busara, akamrudisha kwenye swali moja. Na baada ya rasimu kadhaa za pendekezo la utafiti, yaani zile sura tatu za utangulizi, mapitio ya maandishi na mbinu ambazo kila mwanafunzi wa vyuo vyetu huzijua kwa uchungu, swali likasimama hivi: je, programu iliyofunzwa kwa picha za majani yaliyochumwa ng'ambo yaweza kuitambua bakajani katika jani la Shangi lililopigwa picha kwa simu ya kawaida katika shamba la Molo? Ni swali dogo kwa maneno, lakini naliona kuwa swali adilifu, kwa sababu laweza kujibiwa kwa ndiyo au kwa siyo, na jibu la siyo lina thamani sawasawa na jibu la ndiyo.

Chanzo cha picha hakikuwa kigumu kukipata. Kuna hazina mashuhuri iitwayo PlantVillage, iliyofunguliwa kwa watu wote, yenye picha 54,306 za majani ya mazao 14, zikionyesha magonjwa 26 pamoja na majani yenye afya, na kupangwa katika mafungu 38. Mwaka 2016 watafiti Sharada Mohanty, David Hughes na Marcel Salathé walichapisha matokeo ya kuzifundisha tarakilishi kwa picha hizo, na katika jaribio lao bora kabisa tarakilishi ilipatia majibu kwa asilimia 99.35. Namba hiyo imesafiri dunia nzima. Imetajwa katika mapendekezo ya utafiti yasiyohesabika, imewapa vijana wa Asia na Afrika matumaini kwamba daktari wa mimea amekwisha kupatikana na yuko mfukoni mwa kila mwenye simu. Na yule binti naye, alipoisoma mara ya kwanza, alidhani kwamba kazi iliyobaki ni ya kuandika vizuri tu.

Akaanza na fungu la viazi. Hakuijenga akili unde yake tangu msingi, maana hilo lahitaji mitambo ambayo mwanafunzi wa kawaida haioni ila katika vitabu. Alichukua mtandao wa neva bandia uliokwisha kufunzwa kwa picha zaidi ya milioni 1 za vitu vya kila namna, wanyama, vyombo na magari, mtandao wa jamii ya MobileNet ambao Google waliutoa mwaka 2017 kwa kusudi la kutumika katika simu, kisha akayafundisha upya matabaka yake ya mwisho yapate kupambanua jani na jani. Mashine aliyoitumia ni ya kuazima, iliyo mbali huko katika huduma ya bure ya Google Colab, ambayo humkatia mtu kazi muda wake ukipita. Na kwa kuwa umeme wa mjini humo huweza kuzimika mvua inaponyesha, na vifurushi vya intaneti huisha kabla ya kazi, alijifunza mapema kuhifadhi kila hatua, ili kikikatika kitu asirudi mwanzo. Naandika haya kwa sababu watu hudhani utafiti wa tarakilishi ni kukaa na kubonyeza. Kumbe sehemu kubwa ya mwezi wake wa kwanza ilikuwa subira, kupanga majalada, na kusoma ujumbe wa makosa usiosema kosa liko wapi.

Matokeo ya kwanza yalipokuja yalikuwa mazuri mno: zaidi ya asilimia 90. Aliyapeleka kwa msimamizi wake kwa furaha, naye msimamizi, badala ya kumpongeza papo hapo, alimwambia ayagawe matokeo hayo fungu kwa fungu. Hapo likadhihiri jambo ambalo namba moja ya jumla ilikuwa imelifunika. Katika hazina ile viazi vina picha 2,152: 1,000 za bakajani chelewa, 1,000 za bakajani tangulia, ambayo ni maradhi mengine ya jani la kiazi, na 152 tu za majani yenye afya. Msomaji na afanye hesabu yeye mwenyewe. Programu ambayo haijui kabisa jani zima ni lipi, ambayo kila ionyeshwapo jani lisilo na dosari husema ni gonjwa, yaweza kukosea picha hizo 152 zote na bado ikajigamba kwamba imepatia takriban asilimia 93. Mbele ya watahini hiyo ni alama ya juu. Mbele ya mkulima wa Turi ni hasara tupu, maana kila jani zima litaitwa gonjwa, na dawa itanunuliwa pasipo na maradhi. Programu ya binti huyu haikuwa mbaya kiasi hicho, lakini makosa yake mengi yalilalia upande ule ule, na kama asingaliulizwa, asingaliyaona.

Mtihani wa pili ulikuwa mkali zaidi, nao alijitahini mwenyewe. Alirudi nyumbani mwisho wa juma, akaingia katika shamba la wazazi wake na mashamba ya majirani, akapiga picha za majani yakiwa bado katika mashina yao, kisha akaipa programu. Ile iliyokuwa hodari mbele ya picha za hazina ikawa kama haijafunzwa kitu. Majani yenye afya yaliitwa bakajani, bakajani iliitwa afya, na mara nyingine picha mbili za jani lile lile, moja ya asubuhi na moja ya adhuhuri, zilipewa majina mawili.

Sababu yake si siri, na wenye hazina hawakuificha kamwe. Picha za PlantVillage zilipigwa kwa majani yaliyochumwa na kulazwa juu ya karatasi ya kijivu au nyeusi, jani moja moja, katika vituo vya utafiti vya vyuo vikuu vya Marekani. Shamba la Molo halina karatasi. Lina udongo wa kahawia iliyokoza, magugu, kivuli cha mtu, matone ya umande yanayometa kama doa jeupe, na majani yaliyopandana moja juu ya jingine. Mohanty na wenzake, katika andiko lile lile lililotoa asilimia 99.35, walieleza bayana kwamba walipoijaribu programu yao kwa picha zilizopigwa katika hali nyingine, usahihi uliporomoka hadi kama asilimia 31. Andiko ni moja, waandishi ni wale wale, ila asilimia 99 imekaririwa na kila mtu, na asilimia 31 wameisoma wachache. Tena mwaka 2022 mtafiti Mehmet Alican Noyan alifanya jaribio la kutia hadhari: alichukua katika kila picha ya hazina hiyo pikseli 8 tu, zote kutoka nyuma ya jani na si kwenye jani lenyewe, akaifundisha mashine kwa hizo, nayo ikapatia kwa asilimia 49, ilhali kubahatisha kungalipatia chini ya asilimia 3. Maana yake ni kwamba mashine yaweza kuwa inaisoma karatasi na mwanga wa siku ile, wala si maradhi.

Nataka kusema waziwazi ninavyolipima jambo hili. Wako watakaosema kwamba mwanafunzi huyu, kwa kutoka asilimia 90 na zaidi akaangukia matokeo ya aibu, amerudi nyuma. Mimi naona ndipo alipoanza kwenda mbele. Yale ya kwanza yalikuwa majibu ya swali alilolikuta mezani, swali la picha za ng'ambo zikijaribiwa kwa picha za ng'ambo. Haya ya pili ni jibu la swali lake mwenyewe, lile aliloliandika katika pendekezo. Nimesoma ripoti nyingi za wanafunzi wa vyuo vyetu ambazo huanza kwa kumhurumia mkulima wa Afrika na kumalizika kwa asilimia 98, pasipo jani moja la Afrika kuingia katika hesabu. Nasikitika kwamba ripoti kama hizo husifiwa. Kijana anayekubali kuileta namba ndogo mbele ya msimamizi wake, na kueleza kwa nini imekuwa ndogo, ameonyesha uaminifu ambao ndio sharti la kwanza la ilimu, nao hauwezi kufundishwa kwa mhadhara.

Tangu hapo kazi yake imebadilika sura. Sehemu kubwa ya wakati wake sasa hupita shambani, na katika mashamba hayo amekutana na mambo ambayo hayamo katika hazina yoyote aliyoisoma. La kwanza ni baridi yenyewe. Usiku wa Molo huweza kuunguza majani ya viazi hata yakawa meusi pembeni, na kwa macho ya mbali jani lililounguzwa na baridi na jani lililoshikwa na bakajani ni ndugu. Programu yenye mafungu matatu tu, bakajani chelewa, bakajani tangulia na afya, haina namna ya kusema kwamba haya si mojawapo, hulazimika kuchagua, na huchagua kwa uongo. Ameongeza fungu la nne, la majani yaliyoungua kwa baridi, na kwa rai yangu hiyo pekee ni mchango wa kweli wa mtu aliyezaliwa huku. La pili alionyeshwa na mama mmoja mwenye shamba upande wa Turi, ambaye baada ya kumtazama akipiga picha kwa muda alimwambia, "Mwanangu, mbona wapiga juu tu? Ligeuze." Kwa hakika bakajani chelewa, katika asubuhi yenye unyevu, hujianika chini ya jani kwa utando mweupe mwembamba kuuzunguka ukingo wa doa, na utando huo ni dalili ya kutegemewa kuliko rangi ya doa lenyewe. Wataalamu wa magonjwa ya mimea hulijua hilo. Mama yule hakulisoma popote. Sasa kila jani hupigwa picha mbili, ya juu na ya chini.

La tatu ni la hesabu, nalo ni rahisi kulipuuza. Mtu akipiga picha kumi za shina moja, kisha akazichanganya zote na kuzigawa kwa bahati, baadhi za kufundishia na baadhi za kutahini, mashine itatahiniwa kwa mashina yale yale iliyoyaona darasani, na itafaulu kwa kukumbuka tu. Wale watafiti wa mwaka 2016 walijua hatari hiyo, wakahakikisha kwamba picha za jani moja, pale zilipojulikana, hazikai pande zote mbili. Binti wetu amekwenda mbali zaidi: hugawa kwa shamba. Mashamba fulani ni ya kufundishia, mengine hayaguswi mpaka siku ya mtihani. Alama zake zimepungua tena kwa sababu hiyo, na amezikubali.

Lililobaki gumu ni nani aseme kwamba doa hili ni bakajani na lile silo, maana mashine hufunzwa kwa majibu, na majibu yakiwa ya kubahatisha mafunzo yote ni batili. Hapa yafaa kutazama kwa majirani. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, maabara ya akili unde ambayo Ernest Mwebaze alikuwa miongoni mwa nguzo zake ilishirikiana na wataalamu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa mazao ya Uganda. Picha za majani ya mihogo, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wenyewe katika bustani zao, zikapewa majina na wataalamu hao, na mwaka 2020 picha 21,367 zikawekwa wazi kwa mashindano ya dunia nzima, katika mafungu ya magonjwa manne na la tano la afya. Huko Tanzania, karibu na Bagamoyo, Amanda Ramcharan na wenzake walikusanya picha za mihogo mashambani na mwaka 2017 wakachapisha kwamba programu yao ilipatia kwa asilimia 93. Lakini walipoitia katika simu na kuijaribu katika hali halisi, waliandika mwaka 2019 kwamba uhodari wake ulipungua. Kutokana na kazi hizo ilitoka programu iitwayo Nuru, inayofanya kazi ndani ya simu bila ya intaneti. Mwanafunzi wa Molo, basi, anapita njia iliyokwisha kupitwa na watu wazima wa fani hii, na maporomoko aliyokutana nayo ndiyo waliyokutana nayo wao.

Tena eneo lake lina heshima ya zamani katika elimu na utafiti wa kilimo. Njoro, mwendo mfupi kutoka Molo, ndiko Bwana Maurice Egerton alikoanzisha shule ya kilimo mwaka 1939, iliyopanda daraja hata ikawa Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1987. Kadhalika ni Njoro ambako kituo cha utafiti wa ngano hupokea mbegu kutoka nchi nyingi za dunia zije zijaribiwe mbele ya kutu ya shina ya Ug99, ile iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998 na kuzitia hofu nchi zilazo ngano. Mataifa hayo hayakuridhika kuipima mbegu katika vyumba vya kioo. Yameileta hapa kwa sababu hapa ndipo maradhi yanapoishi. Ikiwa ngano ya ulimwengu husafirishwa kuja Bonde la Ufa ili ipimwe kwa haki, haielekei programu ya kiazi ikubaliwe kwa Molo kwa ushahidi wa picha za karatasi ya kijivu.

Kazi yenyewe haijafika mbali. Picha alizo nazo ni chache mno kwa mashine yenye ulafi wa mifano. Msimu mmoja hauwezi kumwonyesha sura zote za maradhi. Afisa wa kilimo anayemsaidia kuyapa majani majina yao ana wadi nzima ya kuihudumia, na humpa saa anazoweza. Programu haijaingia katika simu ya mkulima hata mmoja, nami nashukuru kwamba mwanafunzi hajaona haya kuizuia. Anachokitumaini kabla ya kuitetea kazi yake ni kuonyesha, kwa mashamba ambayo mashine haijayaona, kiasi gani usahihi hupanda picha za ng'ambo zinapotiwa mamia machache ya picha za nyumbani. Jibu hilo, liwe dogo liwe kubwa, litamfaa kila atakayefuata.

Nina ombi kwa wenye mamlaka katika vyuo vyetu. Kila mwaka wanafunzi hukusanya picha, sauti na takwimu kwa jasho lao, na wakishahitimu vitu hivyo hubaki katika kipakatalishi kimoja mpaka kikaharibika, na mwanafunzi wa mwaka unaofuata huanza tena na hazina zile zile za Marekani. Idara za sayansi ya kompyuta na zichukue pamoja na ripoti ile iliyofungwa kwa jalada gumu, picha zote zilizopigwa, zikiwa na jina la aina ya kiazi, mwezi, mahali na mtaalamu aliyezithibitisha, kwa idhini ya wenye mashamba, na zihifadhiwe pahali ambapo mwanafunzi mwingine ataziomba na kuzipata. Watahini nao wamwulize kila mtahiniwa wa fani hii swali moja kabla ya kutazama asilimia zake: picha za mtihani zilitoka shamba gani? Na wakulima wa Molo, Elburgon, Keringet na Mau Summit, wakimwona kijana amechuchumaa kati ya matuta na simu mkononi, wamruhusu apite, na wamwonyeshe chini ya jani.